Mama Vioo na Zege la Bwana Nadhifu

Niseme mapema kabisa: nina hasira, na hasira hizi zina miezi saba. Mke wangu anasema kila nikimsimulia mtu habari za Mama Vioo naanza kwa kufoka na kumaliza nikiangalia viatu vyangu. Leo nitajitahidi kwenda hatua kwa hatua. Nikipandisha sauti mnivumilie.

Mama Vioo ni jina tulilompa sisi wa kituoni, na lilimkaa vizuri mpaka mumewe, fundi cherehani, naye akaanza kumwita hivyo nyumbani. Kazi yake ni kusafisha vioo. Msidhani ni vioo vya madirisha. Kituo chetu kiko juu ya kilima kidogo nje ya mji, mwisho wa barabara ya kokoto, na tuna kazi moja tu: kupokea taarifa kutoka kwenye setilaiti kwa njia ya mwanga. Setilaiti nyingi huzungumza na ardhi kwa mawimbi ya redio. Sisi tunatumia leza. Mwanga wa leza unabeba mzigo mkubwa kuliko redio kwa mbali. Mafaili ambayo redio ingeyavuta kutwa nzima, sisi tunayashusha kwa dakika chache. Lakini una deko huo mwanga, jamani! Wingu likikatiza, basi. Vumbi likikaa kwenye kioo cha darubini, unafifia. Na setilaiti haimsubiri mtu. Inachomoza upande huu, inapita juu ya kichwa chako, inazama upande ule, na ukiikosa umeikosa.

Darubini iko ndani ya kuba jeupe ambalo paa lake hufunguka. Kioo chake kina upana wa sinia kubwa. Chini ya kuba kuna chumba cha kuongozea: viti viwili, skrini tatu, simu ya mezani, na kabati la chuma ambalo mlango wake tumeuzuia kwa katoni ya karatasi kwa sababu kitasa kilikufa zamani. Hapo ndipo anapokaa mwendeshaji. Kwanza anawapigia simu watu wa ndege kuuliza kama anga ni tupu, maana huwezi kummulika rubani machoni kwa leza. Akiruhusiwa, anarusha mwanga wa kuita kuelekea kule setilaiti inakotokea. Setilaiti ikiuona, nayo inarudisha wake, na kwenye skrini inatokea nukta nyeupe. Nukta hiyo lazima ikae ndani ya duara. Kompyuta inafanya sehemu kubwa ya kazi, lakini nukta ikianza kucheza, mkono wa mtu kwenye kijiti cha kuongozea ndio unaoituliza. Ikitoka nje ya duara, mawasiliano yamekatika.

Mwendeshaji ni mimi. Wakati ule tulikuwa wawili, mimi na mwenzangu mmoja mtu mzima aliyekuwa anahesabu siku za kustaafu.

Mama Vioo alikuja kituoni miaka kumi na moja iliyopita, kuba likiwa bado linapakwa rangi, akaajiriwa kufagia na kupiga deki. Kioo cha darubini kilikuwa kazi ya mtaalamu aliyeletwa kutoka makao makuu. Mtaalamu huyo, na vyeti vyake vyote, siku ya tatu tu akachukua kitambaa kikavu akakifuta kioo kile kama mtu anayefuta kioo cha gari. Mkwaruzo upo mpaka leo, ukiinama utauona. Mama Vioo alikuwa amesimama pale na ndoo yake. Akauliza, "Sasa baba, mchanga ukiusugua juu ya kioo si unakata?" Mtaalamu akaendelea kufuta. Wiki iliyofuata hakuwepo, na kazi ya kioo ikamwangukia aliyeuliza swali.

Basi akaishika. Kwanza anapuliza vumbi kwa mpira wa hewa, halafu anamiminia maji yaliyochujwa, halafu anasubiri yashuke yenyewe. Hagusi kitu. Saa nzima anaweza kusimama pale juu ya ngazi mikono nyuma, anatazama maji yanavyochuruzika. Na akimaliza haendi nyumbani. Anashuka, anakaa kwenye kiti cha pili, anaangalia skrini.

"Dada, hicho kiti si cha wageni," nilimtania siku moja.

"Mdogo wangu, mimi ni mgeni miaka yote hii na hata chai hamjaniwekea. Niache nikae."

Akakaa. Lo, na yule mama kwa maswali! Kwa nini nukta inacheza mchana kuliko asubuhi? Kwa nini umevuta kijiti kabla haijafika ukingoni? Nilimjibu nilipojua, na nisipojua nilijitia nina shughuli. Baada ya miaka minne alikuwa ananisahihisha. Akasoma kozi za jioni, akafanya mitihani yote ya karatasi, akafaulu. Nikiwa na mafua, au mwenzangu akichelewa, yeye ndiye aliyeshika kijiti, kimya kimya, bila jina lake kuandikwa popote. Mkono wake ni mwepesi kuliko wangu. Hilo nalisema bila kumung'unya maneno.

Halafu kulikuwa na nyasi. Kuzunguka kuba pande zote palikuwa na nyasi fupi za kawaida, na yeye ndiye aliyezikata na kuzimwagilia. Hakuna aliyemtuma. Mkuu wa kituo akipita husema huyu mama ameacha kazi anacheza bustani. Mimi mwenyewe nilidhani anapenda tu majani mabichi, mpaka aliponionyesha daftari lake. Miaka mitatu mfululizo alikuwa ameandika siku gani nyasi zimekauka, siku gani ni mbichi, na nukta ilichezaje siku hiyo.

"Ardhi tupu ikipigwa na jua inachemka," aliniambia. "Hewa ya moto inapanda, na mwanga ukipita humo unatetemeka. Hujawahi kuona ukuta unavyotetemeka ukiutazama kupitia juu ya jiko la mkaa? Ndiyo hiyo hiyo. Nyasi mbichi hazichemki." Ni jambo lililomo hata vitabuni. Lakini vitabu nilivisoma mimi, na aliyebeba ndoo za maji ni yeye.

Sasa nieleze alichokitaka, maana kila kitu kinarudi hapo. Alitaka cheti cha uendeshaji, akae kwenye kile kiti kwa haki yake. Kwa kanuni za makao makuu, mfanyakazi wa ndani anaweza kupandishwa kuwa mwendeshaji akifaulu jaribio moja la vitendo, ila kabla hajatimiza miaka arobaini na mitano. Ukitimiza, mlango umefungwa, unabaki daraja la huduma mpaka ustaafu. Nani aliyeitunga kanuni hiyo sijui, na siku nikimjua nitakuwa na maneno naye. Mama Vioo aliomba jaribio akiwa na miaka arobaini na mbili. Barua ya kwanza ikapotea. Ya pili ikajibiwa kwamba faili lake linashughulikiwa. Likashughulikiwa miaka miwili! Hatimaye, mwenzangu alipobakiza mwezi mmoja astaafu na kiti chake kikawa kinakaribia kuwa wazi, barua ikaja. Mkaguzi atafika siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, wiki nne kuanzia leo. Jaribio: kushika nukta dakika nne bila kutoka nje ya duara. Siku kumi na sita baada ya Alhamisi hiyo, Mama Vioo angetimiza arobaini na mitano.

Aliisoma barua amesimama mlangoni, akaikunja, akaitia mfukoni, kisha akaitoa akaisoma tena. "Dakika nne," akasema. "Mdogo wangu, dakika nne mimi nashika huku napiga miayo." Na hakuwa anatia chumvi.

Hapo ndipo Bwana Nadhifu alipoingia.

Bwana Nadhifu ndiye mkuu wa kituo. Jina tumempa sisi, na yeye halijui, au anajitia hamnazo. Ni mtu asiyekunywa chai mpaka vijiko vyote vielekee upande mmoja. Watu husema si mtu mbaya. Mimi nasema mtu asiyesikia ni mbaya vya kutosha. Aliposikia mkaguzi anakuja akatoka nje, akatazama nyasi zenye umande, akatazama viatu vyake, akasema mgeni wa makao makuu hawezi kukanyaga tope. Wiki ile ile likapanda lori la kokoto na mashine ya kuchanganyia zege.

Mama Vioo akanishika mkono wa shati. "Twende wote ofisini. Wewe atakusikiliza."

Tukaenda. "Shikamoo mkuu," akaanza.

"Marahaba, mama. Nina dakika mbili."

"Mkuu, nyasi zikitoka, mchana hatutashika kitu. Zege litachemka na hewa itacheza. Naomba walau mita kumi kuzunguka kuba zibaki."

Bwana Nadhifu akasogeza kalamu yake ikalala sambamba na rula. "Mama, wewe ni mtu wa usafi. Nilidhani utakuwa wa kwanza kufurahi vumbi likiondoka."

"Vumbi nitalisafisha, mkuu. Hewa siwezi kuisafisha."

Akacheka kidogo, akanigeukia. "Mwendeshaji, wewe unasemaje?"

Jamani. Mimi nilikuwa najua. Nimesoma, na daftari nililiona kwa macho yangu mawili. Nikasema, "Mkuu, kunaweza kuwa na athari kidogo, lakini labda tungeangalia." Tungeangalia! Maneno gani hayo ya mtu mzima? Bwana Nadhifu akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekubaliwa, akainua simu kumwambia mwenye lori aanze.

Kwenye korido Mama Vioo akaniuliza, "Ulimi wako leo umeuacha nyumbani?" Hakukasirika. Nilikasirika mimi kwa niaba yake. Nilifika nyumbani nikamwaga yote, nikagonga meza, nikamwita Bwana Nadhifu kichwa maji. Mke wangu alikuwa anakunja nguo. Akasema, "Hasira zako zote ni za sebuleni. Huko kazini unageuka bubu." Nikanuna mpaka chakula kikapoa.

Basi nyasi zikang'olewa zote. Kuba likazungushiwa zege mita ishirini kila upande, jeupe, limepigwa mwiko mpaka linang'aa. Lilipokauka tukaanza kuona mambo. Asubuhi na mapema tulikuwa salama. Kuanzia saa nne nukta ikaanza kucheza, saa sita inarukaruka, na saa nane mchana mimi mwenyewe, na miaka yangu kumi na mitatu ya kazi, hapa na kituo nilichotoka, sikuweza kuishika zaidi ya dakika mbili. Siku sita mfululizo! Na setilaiti iliyopangwa kwa ajili ya jaribio ilikuwa inapita saa nane na dakika kumi mchana. Ya asubuhi ilipita saa mbili, kabla mkaguzi hajafika.

Mama Vioo hakukaa chini kulia. Aliomba jaribio lisogezwe mpaka Ijumaa asubuhi. Bwana Nadhifu akasema mkaguzi ana ratiba. Akaomba basi zege limwagiwe maji kabla ya saa nane, mapipa manne tu, atayamwaga mwenyewe. Bwana Nadhifu akasema maji yataacha madoa na mgeni anaweza kuteleza. Madoa! Akaomba kutandika magunia yaliyoloweshwa. Bwana Nadhifu akamtazama kama ameomba kufugia ng'ombe kituoni. Nami kila mara nilikuwa hapo hapo, nimeshika faili, nakubaliana na Mama Vioo moyoni.

Kwa hiyo akafanya mazoezi. Kila mchana alikaa kwenye kiti changu akipambana na ile nukta, shingo imemkakamaa, na akikosea anaandika kwenye daftari na kesho anarudi. Jumatano, siku moja kabla ya jaribio, akashika dakika tatu na sekunde hamsini. Mimi juu ya zege lile sijawahi kufika hapo. Hakuna aliyewahi.

Alhamisi mkaguzi akaja, mwanamke mpole mwenye miwani, amechoka na safari, na jambo la kwanza kusema ni kwamba pamependeza. Bwana Nadhifu akatabasamu mpaka masikioni. Mama Vioo alikuwa amevaa blauzi ya bluu ambayo mumewe aliishona kwa ajili ya siku hiyo. Saa ilipofika akapiga simu kwa watu wa ndege, sauti imetulia, akaambiwa anga ni tupu. Akafungua paa. Akarusha mwanga. Nukta ikatokea.

Mimi nilikaa kiti cha pili, kwa sababu kanuni zinataka mwendeshaji mwenye cheti awe shahidi na ajaze fomu. Bwana Nadhifu alisimama nyuma yangu, karibu kiasi cha kusikia anavyopumua. Mkaguzi alishika saa ya kuhesabia.

Dakika ya kwanza ikapita. Nukta ilikuwa inaruka kama tone la maji kwenye mafuta ya moto, naye anaifuata kwa vidole tu, bega halisogei. Dakika ya pili ikapita. Jasho lilikuwa linamshuka pembeni ya sikio na halifuti. Dakika ya tatu ikapita, na mimi nimeuma meno mpaka taya inauma. Tatu na nusu. Nikaanza kuamini. Kwenye dakika tatu na sekunde arobaini na nne hewa ikapiga mtikisiko mmoja mkubwa, nukta ikatoka nje ya duara, ikarudi. Ilikuwa nje kwa muda wa kupepesa jicho. Akaishika tena mpaka dakika ya nne ikatimia na sekunde kumi juu yake, lakini ilikuwa imeshatoka.

"Pole sana," mkaguzi akasema, na nadhani alimaanisha. Akanisogezea fomu.

Fomu yenyewe ni fupi. Mstari mmoja unauliza hali ya anga, na una visanduku viwili: safi, mawingu. Aliyeitunga alijua mawingu tu. Anga siku ile lilikuwa safi, hata wingu la dawa hakuna. Hewa juu ya zege ndiyo iliyokuwa inachemka, na hewa haina kisanduku. Nikatia alama kwenye "safi". Mpaka hapo naweza kujitetea. Chini yake kuna mistari mitano mitupu, na juu yake pameandikwa "Maoni ya shahidi". Mistari mitano inatosha kabisa. Ningeandika kwamba nyasi ziling'olewa wiki tatu zilizopita, kwamba tangu hapo mwendeshaji mwenye cheti hashiki zaidi ya dakika mbili saa kama hii, kwamba huyu ameshika karibu nne. Kalamu ilikuwa mkononi. Bwana Nadhifu akakohoa nyuma yangu, kikohozi cha kawaida tu, labda hakikuwa na maana yoyote. Nikaandika neno moja: Hakuna. Nikatia sahihi.

Nilifanya hivyo kwa nini? Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi uliofuata na Bwana Nadhifu ndiye anayependekeza nani abaki. Nilidhani mkaguzi ameona mwenyewe. Nilidhani atapewa nafasi nyingine. Nilidhani, nilidhani! Niliogopa, basi, na hata aliyeniogopesha hakuwa amenitisha.

Majibu yalikuja Ijumaa ya wiki iliyofuata. Ameshindwa. Hali ya anga: safi. Maoni ya shahidi: hakuna. Mama Vioo akaleta nakala chumba cha kuongozea, akaiweka mbele yangu, akaweka kidole juu ya lile neno.

"Mdogo wangu, hapa hukuona kitu?"

Nikaivuta ile nakala karibu, nikajitia naisoma. 

"Sikuja kugombana. Geuza nyuma."

Nyuma ya fomu kulikuwa na maandishi madogo ambayo mimi, na miaka yangu kumi na mitatu, sikuwahi kuyasoma. Shahidi anaweza kurekebisha maoni yake kwa barua, na jaribio likarudiwa, mradi barua ipokelewe kabla mtahiniwa hajafikia ukomo wa umri. Chini yake: shahidi aliyetoa maelezo pungufu anaweza kusimamishwa uendeshaji kwa muda.

"Natimiza Jumamosi ya wiki ijayo," akasema. "Naomba uandike kilichotokea. Usiongeze wala usipunguze."

"Naandika, dada. Kesho asubuhi unaikuta mezani."

Kesho asubuhi hakuikuta. Nilikuwa nimeanza, nikaandika tarehe, nikaandika "Yahusu", nikakwama. Jumapili nikamwambia natafuta maneno mazuri. Jumatatu printa iliishiwa wino, na hiyo ni kweli, lakini kalamu si ninayo? Jumanne nilipita mlango wa nyuma. Jumatano hakuuliza tena; alisema tu "Habari za asubuhi", akapanda ngazi na mpira wake wa hewa. Na kila jioni nilikuwa nafika nyumbani namlaani Bwana Nadhifu, nalaani zege, nalaani fomu, nalaani makao makuu. Alhamisi mke wangu aliacha vyombo vikiwa havijaoshwa akaja kukaa mbele yangu.

"Umeshamtukana kila mtu," akasema. "Amebaki mmoja, na huyo yuko hapa anakula."

Nikamwambia nitaandika Ijumaa. Ijumaa Bwana Nadhifu aliniita ofisini kunipongeza, mkataba wangu umepita. Akanipa mkono. Nikaupokea.

Niliandika Jumapili. Jumamosi ilikuwa imeshapita, na Mama Vioo alikuwa na miaka arobaini na mitano na siku moja. Ukurasa mmoja, na ulinichukua dakika ishirini. Dakika ishirini tu, jamani! Kabla ya kuupeleka popote nikaenda nao nyumbani kwake.

Mumewe alikuwa kwenye cherehani sebuleni. Akanitazama, akaitikia salamu, akaendelea kushona, na kiti hakunionyesha. Mama Vioo akaichukua barua akaisoma amesimama dirishani, mpaka mwisho, bila haraka. Akaomba kalamu. Nilikuwa nimeandika kwamba nukta ilitoka dakika tatu na sekunde arobaini. Akakata, akaandika arobaini na nne, akanirudishia.

"Ipeleke."

"Dada, siku imepita."

"Siku yangu ya kuzaliwa naijua. Ipeleke hivyo hivyo. Atakayekalia kile kiti asikute zege."

"Nisamehe, dada."

"Hilo sijalifikia," akasema. "Ukitoka funga geti, kuku wanatoroka."

Nikaipeleka. Safari hii makao makuu hawakuchelewa, siku kumi tu majibu yakaja. Mimi nimesimamishwa uendeshaji miezi mitatu. Zege livunjwe, nyasi zirudishwe. Fomu iongezwe kisanduku cha tatu, cha hewa. Kuhusu Mama Vioo kulikuwa na mstari mmoja: maombi hayawezi kufunguliwa upya kwa sababu ya umri. Bwana Nadhifu aliandika kwenye ripoti yake kwamba ameanzisha mpango wa kuboresha mazingira ya kuba, akasifiwa. Akamwomba Mama Vioo azipande nyasi upya. Mama Vioo akamjibu kwa adabu kabisa kwamba yeye ni mtu wa usafi, na karatasi yake ya ajira haikutaja nyasi. Ikabidi aletwe mtu kutoka mjini.

Kiti kile kimepata mwendeshaji mpya, mwanamke wa miaka kama thelathini, ameletwa kutoka kituo kingine. Ni mchapakazi, na hana kiburi. Mama Vioo anasafisha kioo chake kama zamani, kisha anashuka anakaa pembeni ya huyo mgeni na kumwambia lini avute na lini aache. Na mimi, ambaye sasa anaongea nami mambo ya kazi tu, nasimama nyuma yao nasubiri zamu yangu.

Jumanne iliyopita yule mwendeshaji mpya alishika setilaiti ya saa nane mchana mwanzo hadi mwisho, nukta imetulia katikati ya duara. Akazungusha kiti akanigeukia, furaha tele. "Huyu mama ananizidi kila kitu," akasema. "Mbona hakuwahi kufanya jaribio?"

Mama Vioo alikuwa anajaza daftari lake. Akaacha kuandika. Hakumtazama yeye, alinitazama mimi, na hakunisaidia hata kwa neno moja.

"Alifanya," nikasema. "Alishindwa kwa sababu yangu. Mimi ndiye niliyekuwa shahidi. Niliona zege linavyochemka, nikaandika hakuna."

Sauti ilitoka ndogo, hata mimi niliisikia ilivyo ndogo.

"Sema kwa nguvu, mdogo wangu," Mama Vioo akasema. "Mkuu amesimama mlangoni na hajakusikia."

Nikageuka nikamtazama Bwana Nadhifu, nikarudia yote, kwa nguvu.